Waziri wa Mlango wa Maji

Mdomoni mwa mfereji, Nyarufunzo
10 Julai 1960

Kwa bamwana wangu Sévère,

Salamu kwako na kwa mama Capitoline, na kwa binti yangu Félicité ambaye sasa ni wenu, na kwa mume wake, mwanenu Révérien. Sisi huku tuko wazima. Honorine anakohoa, lakini mke wangu anakohoa tangu siku ya arusi ya watoto wetu, na minye ninaamini ni sombe ile, majani ya muhogo ya wapishi wenu, ndiyo haijamtoka kooni.

Ninaandika badala ya kuja. Nikija utalazimika kunitilia pombe ya kasiksi, nami nitalazimika kuimaliza, na njia ya kurudi juu ya tuta la mfereji ni nyembamba kwa muntu mwenye kasiksi kichwani. Heri katekista Venant atuchukulie barua kwa kinga, baiskeli yake ile. Yeye akianguka na pedali zake anaangukia neema.

Uhuru ulifika huku Alhamisi. Tulicheza mpaka Jumapili. Jumatatu kapita, msimamizi wa kazi, akapuliza filimbi kama kawaida, watu waje kutoa matope na mafunjo mferejini. Hakuna aliyetoka. Mama Generose akamwambia akiwa amelala mlangoni kwake, hata kichwa hakuinua: "Kapita, filimbi hiyo iko ya Wabelgiji. Wapelekee." Kapita alisimama kidogo, akaitia filimbi mfukoni, na siku hizi anauza samaki wa ndagala.

Kisha vijana wakaja na mashoka kuvunja mlango wa mfereji, ule wa mbao unaoutenga na ziwa, wapate kuni. Wakasema mlango nao ni wa Wabelgiji. Nikawaomba wanipe muda wa kumaliza ugali. Walipokwenda kulala mchana, nilitafuta rangi ya bluu ambayo Bwana Agronomu, Mbelgiji wa kilimo, aliiacha, nikaupaka mlango wote, nikaweka katikati nyota moja kubwa ya njano. Kwa zile ndogo sita za pembeni rangi haikutosha. Vijana waliporudi nikawauliza: "Nani kati yenu atapiga shoka bendera ya Kongo?" Wakapiga saluti. Mmoja alilia.

Kwa hiyo mlango umesimama. Lakini tuta linanipa wasiwasi. Watu wameona kwamba udongo wake ni laini, na hakuna tena Mzungu wa kuwakataza, basi wamepanda muhogo juu yake, pale katikati, penye kona. Muhogo mzuri sana. Kila wakiung'oa, tuta linakonda.

Babu yangu alikuwa akitega kambale kwa migono mahali pale pale unapolima mpunga wako, bamwana. Kilikuwa kishanga kitupu, matope na mafunjo na mbu, na kiboko mmoja mzee aliyeheshimiwa kuliko chifu. Walipokuja kukikausha, baba yangu alichimba mfereji huu kwa fimbo mgongoni. Kisha tukapewa mashamba juu ya kishanga kilichokauka, tukaanza kuyapenda. Ndivyo tulivyo. Siku Bwana Agronomu anaondoka, alinipa koti lake la mvua na kusema: "Gaspard, usiuache mfereji." Nikajibu ndiyo bwana, kama tulivyojibu kila kitu.

Sasa kila muntu huku amejipa cheo. Kuna waziri wa soko, waziri wa ngoma. Minye nimechukua kilichobaki.

Bamwana wako,
Gaspard, Waziri wa Mlango


Mashamba ya Juu, Nyarufunzo
21 Agosti 1960

Kwa bamwana Gaspard,

Tumsifu Yezu Kristu. Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Capitoline anasema sombe ilikuwa nzuri, ni koo la Honorine lililokuwa na chuki. Ninakuandikia maneno yake kwa sababu amesimama nyuma yangu.

Habari kubwa ni ya Révérien. Ameitwa ofisi ya teritware, Uvira, kuwa karani. Anakaa katika kiti cha Mzungu, kile cha kuzunguka. Siku ya kwanza alikizungusha mpaka akapata kizunguzungu, mwenyewe alituambia. Anakwenda Jumatatu na kurudi Jumamosi kwa kupitia tuta, na mara nyingi analala kwenu Kilibula, kwa ndugu yako. Ninakushukuru.

Yewe, bamwana, wacha mizaha kuhusu mfereji. Huku juu sisi bado tunausafisha. Siyo kwa ajili ya filimbi. Ni kwa ajili ya mpunga. Mvua ikija, maji ya mashamba yetu hayana njia nyingine ila kuja kwenu na kutoka mlangoni pako. Ninyi wa chini mkilala, sisi wa juu tunaoza. Nakuomba uwaambie watu wako.

Na huo muhogo juu ya tuta ung'olewe na usipandwe tena.

Bamwana wako katika Kristu,
Sévère


Mdomoni mwa mfereji
14 Mei 1962

Kwa bamwana Sévère,

Salamu. Sina mzaha leo, au ninao kidogo tu.

Ziwa limepata tabia mpya. Mvua za mwaka jana uliziona mwenyewe. Tulidhani zikiisha ziwa litarudi mahali pake, na sasa zimeisha lakini lenyewe linapanda tu. Limekula mchanga wote tulipokuwa tukianika ndagala. Limeingia jikoni kwa mama Generose bila hodi, na asubuhi amekuta sufuria zinaelea na kuku amepanda juu ya moja kama kapteni wa meli. Kule Uvira watu wa ufukweni wanahamisha mabati. Wazee wanasema mto unaotoa maji ya ziwa upande wa mbali umezibwa na majani. Wengine wanasema Wabelgiji walipoondoka waliacha bomba wazi. Minye sisemi kitu. Ninatazama.

Jana nilitupa jani la muhogo mferejini, kama nilivyofanya tangu nikiwa mtoto. Zamani jani liliondoka likaenda ziwani. Jana liliondoka, bamwana, lakini lilielekea kwenu.

Nikaelewa. Mfereji hautoi maji tena, unayaleta. Nimeufunga mlango, nikashindilia vyuma vyake vyote viwili vya kufungia. Nyuma ya mlango huu kuna mashamba ya watu wote wa hapa, na nyumba yangu, na kaburi la baba aliyeuchimba. Ninajua kwamba maji yenu ya mvua sasa hayana pa kutokea. Sijui la kufanya na jambo hilo. Ningekuwa waziri wa kweli ningeunda tume.

Mwambie Félicité mama yake amemwekea ndagala kavu.

Gaspard, wa Mlango


Mashamba ya Juu
9 Juni 1962

Kwa Gaspard,

Sikuiti bamwana leo. Unisamehe au usinisamehe.

Mpunga wangu umesimama ndani ya maji kama mtoto aliyeadhibiwa. Mizizi imeoza, inanuka. Jirani wamekuja kwangu wakisema: ndugu yako ameziba. Nimewajibu nini? Nimewajibu kwamba jani la muhogo lilikwenda upande mbaya. Walinicheka mbele ya mke wangu.

Tangu nizaliwe maji huteremka kwenda ziwani. Ziwa haliwezi kupanda mlima kuja kunitafuta mimi. Wewe umefunga ili muhogo wako usilowe, umeandika hadithi nzuri juu yake kwa sababu unajua kuandika. Wewe ni mwizi wa maji, na tena unaiba kwa kuyazuia.

Binti yako Félicité ana mimba. Jumatano alikuwa anavuna kilichobaki, maji yakimfika kiunoni. Sasa ana homa. Huyo ni binti yako, siyo wangu tu. Révérien anataka kuja na shoka, na mimi simkatazi. Labda nitakuja mwenyewe.

Sévère


Mashamba ya Juu
2 Julai 1962

Kwa bamwana wangu Gaspard,

Tumsifu Yezu Kristu. Nimefika nyumbani salama, na shoka nimelirudisha mahali pake.

Ninaandika kwa aibu. Nilikufikia kama mwizi, alfajiri, bila kutuma neno mbele, shoka begani. Ulinipandisha juu ya mlango ukasema: "Tazama kushoto, tazama kulia, kisha kata." Kushoto ziwa lilikuwa kifuani mwa mlango. Kulia mashamba yenu yalikuwa chini, chini kabisa kama sahani mezani, na mama Generose akipalilia ndani yake. Ningepiga shoka moja. Sijawahi kusimama juu ya ubao na kuogopa hivyo.

Kisha ulinipa kibuyu cha kasiksi, nikakimaliza. Ukasema tu: "Kibuyu ni kizito kuliko shoka, si ndiyo?"

Neno la mwizi wa maji ninalirudisha. Na tumefanya kama tulivyopatana: kiangazi, upepo wa milimani ukilisukuma ziwa likashuka kidogo, utafungua asubuhi na kufunga jioni, ili maji yetu yatoke. Mpunga nimeuacha. Nimepanda viazi kwenye miinuko. Félicité amepona homa na mtoto anacheza tumboni.

Jambo moja linaniuma bado. Kwetu bamwana hafiki kwa bamwana bila kutanguliza neno, wapate kufagia na kuweka kitu jikoni. Baba yangu angeniona siku ile angekana jina langu. Ninakuahidi mbele ya Mungu: mimi Sévère sitakanyaga tena kwako kabla ya kuandika, hata nyumba yangu ikiwa inawaka moto.

Bamwana wako,
Sévère


Mdomoni mwa mfereji
26 Aprili 1964

Kwa bamwana Sévère,

Salamu kwenu wote, na kwa mjukuu wetu Émérance. Ninasikia sasa anatembea na anasema "hapana" kwa kila kitu. Atakuwa mbunge.

Ziwa halijashuka. Linapanda bado, taratibu, kama muntu anayejua kwamba hatuna pa kwenda. Katika maji ya wazi kuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea, vimeng'oka kwenye kishanga cha mto, upepo unavisukuma vinakuja kugonga mlango wangu. Usiku vinagonga kama wageni. Mlango unashika. Nimeupigilia mbao za kitanda cha zamani nyuma ya ile nyota.

Lakini nimeandika kwa jambo lingine. Vijana wa uasi wamejaa bondeni, wewe mwenyewe uko karibu nao kuliko mimi. Wengine ni wana wa watu tunaowajua. Mwana wa kapita wa zamani ni mmoja wao, amevaa ngozi ya nyani kichwani na filimbi ya baba yake shingoni. Wanaoga dawa, wanasema risasi za jeshi zikiwafikia zitageuka maji. Nilimwambia: "Mwanangu, maji tunayo ya kutosha huku, ombeni zigeuke kitu kingine." Hakucheka. Zamani huyu mtoto alikuwa anacheka.

Wanatafuta makarani. Kila aliyekalia kiti cha Mzungu, kwao ni Mzungu. Waliyemkamata kule Luvungi hakurudi. Mwambie Révérien asiende tena Uvira, na asivae tena suruali yenye mstari.

Mambo yakiharibika, njooni kwangu. Msipite barabarani, barabara ina vizuizi. Piteni juu ya tuta, kutoka shambani kwako hadi mlangoni kwangu. Ni mwendo wa asubuhi moja na tuta liko kavu, minye mwenyewe nimelitembea juzi, hata pale penye muhogo. Nina mtumbwi nimeuficha ndani ya mafunjo. Ukiwa na upepo mzuri, Burundi si mbali.

Na ile ahadi yako ya kuandika kwanza, bamwana: nyumba ikiwaka moto uje tu. Utaandika ukishauzima.

Gaspard, Waziri wa Mlango, serikali yoyote ile


Mashamba ya Juu
Jumanne, 19 Mei 1964

Kwa bamwana wangu Gaspard,

Tumsifu Yezu Kristu.

Uvira imeanguka, umeyaona karibu kuliko mimi. Jana walipita kwa jirani zetu wakiuliza nyumba ya karani. Jirani walionyesha njia ya Bijombo, Mungu awabariki, lakini wataona kwamba milimani hayupo na watarudi.

Tumeamua kuja kwako. Tuko watano: mimi, Capitoline, watoto wetu wawili, na Émérance. Félicité anataka tuondoke leo hii. Nimemwambia hapana. Mara moja nilifika kwako bila neno, na sitafanya hivyo tena, hasa sasa ninapokuja kukuomba maisha ya mwanangu. Tunakupa kesho Jumatano yote ya kujitayarisha. Alhamisi alfajiri tutashika tuta. Tutaleta viazi na mbuzi mmoja ili Honorine asilemewe.

Venant simuoni. Barua hii ninampa Concilie, yule muuza ndagala. Anapita barabarani, mwanamke na kapu lake hawamzuii.

Ukituona tunakuja usiite kwa sauti.

Bamwana wako,
Sévère


Mdomoni mwa mfereji
Jumatano, 20 Mei 1964

Kwa bamwana Sévère,

Ninaandika haraka. Venant amefika hapa asubuhi akitoka kujificha, na anakubali kupita barabarani kwa kinga, na msalaba mkubwa shingoni. Mungu amfikishe.

Wamekuja. Wamelala kwangu tangu jana, kundi zima, na mwana wa kapita ndiye komanda wao. Jana jioni alikaa jikoni kwa Honorine akasema: "Baba Gaspard, weye unajua tuta. Kesho tukishakula utatupeleka mashamba ya juu, tukamsalimie mkwe wako." Nikamuuliza mkwe yupi. Akasema: "Yule wa kiti cha kuzunguka." Wote wakacheka. Minye pia nilicheka, bamwana, unielewe, nilicheka kwa nguvu kuliko wote.

Asubuhi nilimchinja mbuzi wangu wa mwisho. Nikasema jeshi halitembei na njaa. Mchana huu, wakati wamekusanyika kwenye nyama, nilikwenda mlangoni na kuvuta vyuma viwili, kimoja kimoja, nikaviacha vizame pale pale. Sikuhitaji kusukuma. Ziwa lilikuwa linangoja tangu mwaka ule wa jani.

Sasa linaingia. Ninalisikia ninapoandika. Visiwa vya mafunjo vinaingia nalo, vikubwa kama viwanja, vinapita juu ya muhogo wa watu. Mama Generose anapiga kelele, anasema ziwa limevunja mlango, na watu wote wanasema hivyo hivyo, nami nimeshika kichwa kama wao. Kaburi la baba tayari silioni. Leo komanda hathubutu kutoka, na usiku tuta litakatika pale penye kona, ninajua, pale walipopanda muhogo. Hakuna muntu atakayepita kuja kwenu. Kishanga kimerudi, na safari hii kiko upande wetu.

Kwa hiyo kaeni huko huko. Msitembee. Msikaribie tuta. Mjifiche kwenye mafunjo ya juu mpaka hawa wachoke, nami nitatafuta njia ya kuwafikia kwa mtumbwi.

Usimwambie muntu ni nani aliyefungua. Nimezamisha shamba la kila mmoja hapa. Lakini ungekuwa weye, ungefanya vile vile.

Gaspard


Gatumba, Burundi
8 Novemba 1964

Kwa baba yangu mpendwa,

Ninakusalimu sana wewe na mama. Nimesikia kwamba jeshi limerudi Uvira na kwamba ninyi mko hai, Concilie ndiye aliyetuambia. Yeye yuko hapa pia. Siku ile walimzuia kwenye kizuizi, wakamtumikisha jikoni kwao, na barua ya baba mkwe ilikaa katika kapu lake mpaka ikaoza pamoja na ndagala. Kwa hiyo ninajua haikukufikia, na ninajua hukujua kwamba tunakuja.

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa, maana nafikiri hujaambiwa vizuri.

Minye nilimuomba baba mkwe tuondoke Jumanne. Nilipiga magoti. Akasema: "Félicité, hatuingii kwa baba yako kama wezi. Nimeshafanya hivyo mara moja." Akaandika. Jumatano yote tulikaa tumefunga mizigo, tukitazamana. Mama mkwe alifagia nyumba tunayoikimbia.

Alhamisi kulikuwa na ukungu. Tuta lilikuwa kavu mwanzoni, kama ulivyotuandikia. Baba mkwe alitangulia, na Émérance alikuwa mabegani mwake, kwa sababu alikataa kubebwa na mwingine. Tulisikia maji pande zote lakini hatukuyaona. Tulipofika kwenye kona alisema: "Hapa ndipo penye muhogo, tumekaribia." Mbele yake palikuwa kijani. Baba, yalikuwa mafunjo yanayoelea. Ukiyatazama ungeapa ni ardhi. Alikanyaga, yakamkubali, akakanyaga tena, yakafunguka.

Hakupiga kelele. Alimwinua mtoto kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, na Révérien alilala kifudifudi akamkamata. Mafunjo yakajifunga. Tulimngoja. Mama mkwe aliita jina lake mpaka Révérien akamziba mdomo kwa mkono.

Tulirudi nyuma, tukakaa kwenye mafunjo ya juu. Waasi hawakuja, njia haikuwepo tena. Baadaye tulivuka mto wa mpaka kuja huku. Mama mkwe anafagia tu.

Sasa kuna jambo lililofanya niandike. Révérien anafikiri mchana na usiku. Anasema amepita pale mlangoni miaka yote, anaujua mlango ule: unafungwa kwa vyuma viwili vinavyovutwa kwa juu, na ziwa halina mikono. Anasema kama kuna muntu aliyeufungua, basi huyo ndiye aliyemuua baba yake, na hata angekuwa nani hawezi kula tena kwenye nyumba yenye damu hiyo. Unajua maana yake. Atanirudisha kwenu, na Émérance atabaki kwao, maana mtoto ni wa ukoo wa baba.

Nimemwambia nitakuuliza, na kwamba wewe ndiye mwenye mlango, na neno lako ndilo litakuwa la mwisho. Amekubali. Atasoma barua yako yeye mwenyewe.

Baba, watu wote hapa wanasema ilikuwa ziwa. Ilikuwa ziwa, si ndiyo?

Jibu vizuri, baba yangu.

Binti yako,
Félicité


Kilibula, Uvira
17 Januari 1965

Kwa binti yangu Félicité, na kwa mwanangu Révérien ambaye ninajua anasoma,

Ninawasalimu. Mnisamehe kuchelewa. Ni kalamu iliyonishinda, siyo habari.

Sisi sasa tunakaa Kilibula kwa ndugu yangu. Nyarufunzo haipo. Nilikwenda na mtumbwi wiki iliyopita kutazama. Mafunjo yamefunga kila kitu kuanzia mdomoni mpaka kona, na juu ya shamba la mama Generose kuna ndege wale weupe wenye miguu mirefu. Kambale wamerudi. Vijana wanatega migono kama alivyotega babu yangu, na hakuna aliyewafundisha. Mtu akija leo bila kuambiwa, atafikiri pale hapajawahi kuwa na mfereji, wala Wabelgiji, wala sisi. Hata kiboko ameonekana. Honorine anasema ni yule yule.

Nilizunguka pale penye kona. Nilikaa. Sikuona kitu.

Bamwana Sévère alikuwa muntu wa haki. Alinitukana kwa kalamu na akaomba msamaha kwa kalamu, na sijui wengine wanaofanya hivyo. Kama adabu yake ingepungua kidogo tu, leo ningekuwa ninamtilia kasiksi. Mwambieni mama Capitoline kwamba ninamlilia.

Siku ile nami nilikuwa nimemwandikia. Venant alichelewa kufika, alikuta nyumba tupu imefagiwa, akanirudishia barua ikiwa imefungwa. Haikuwa na neno. Ilikuwa salamu tu.

Sasa swali lako, Révérien. Umeuliza vizuri, kama karani. Vyuma vile viwili nilivijua kuliko weye. Vilikuwa vimeliwa na kutu tangu mwaka wa uhuru, na mbao nilizozipigilia zilikuwa za kitanda. Ziwa lilikuwa linausukuma mlango kwa miaka miwili. Mchana ule nilikuwa nyumbani, ninagawa nyama ya mbuzi. Muulize mama Generose. Watu wote wa kule waliona.

Ilikuwa ziwa.

Mkae pamoja. Émérance asikae karibu na mto. Mvua zikiisha, na kama mpaka uko wazi, mlete mtoto tumwone, na hamna haja ya kuandika kwanza. Mje tu, saa yoyote. Nitakuwa nimefagia.

Watu wa mitumbwi wananiuliza kwa nini sitegi nyavu pale mlango ulipokuwa, maana samaki wamejaa. Ninawaambia hapana, pale kuna miti chini, itanichania nyavu.

Baba yenu,
Gaspard